Tangi la galoni 40 kugeuzwa sampu ya matumbawe: linafaa, ila piga hesabu kwanza

Aqueon 40 Breeder halikutengenezwa kuwa sampu, yaani tangi la chini linalopokea maji ya tangi la maonyesho la matumbawe ili yasafishwe na kurudishwa juu kwa pampu. Ni tangi la kioo, pana na fupi, lenye ukingo wa plastiki juu na chini, na ndani ni tupu kabisa. Lakini upana huo na ufupi huo ndio unaolifanya liwafae wafugaji wa matumbawe kuliko tangi jingine lolote la bei yake. Linaingia ndani ya kabati, lina eneo la kusimamisha skima kubwa (chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu), na juu ya maji hubaki nafasi ya kupokea yale yatakayoshuka umeme ukikatika. Nchini Marekani maduka ya Petco huwa na misimu ya kuuza matangi ya aina hii kwa nusu bei, ilhali sampu za akriliki zilizokamilika kiwandani hugharimu mamia ya dola. Tangi hili tunalipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imepotea kwa sababu ya upana ule ule, na tutaeleza.

Vipimo vya nje ni takriban sentimita 92 kwa 46 kwa 43. Ndani, hesabu urefu wa 90, upana wa 45, na kina cha 41 kabla maji hayajafika kwenye ukingo. Kwa vipimo hivyo kila sentimita moja ya kina ni lita 4 na kidogo, na tangi zima hubeba kama lita 166. Tathmini hii inalichukua likiwa chini ya tangi la maonyesho la galoni 120, yaani lita 454, lenye urefu wa sentimita 122 na upana wa 61. Huko juu kila sentimita ya kina ni lita 7.2. Namba hizi mbili, 4 na 7.2, ziandike ukutani kabla ya kununua silikoni, kwa maana ndizo zitakazoamua kama sakafu itabaki kavu.

Pampu ya kurudishia ikizimika, maji ya juu huendelea kushuka kwa njia mbili: kwenye kisanduku cha kumwagikia kilicho ukingoni mwa tangi la juu, mpaka meno yake yabaki wazi, na kwa kurudi nyuma kupitia bomba lile lile la pampu mpaka mdomo wake ufikwe na hewa. Mdomo wa bomba ukiwa sentimita 3 chini ya uso wa maji, zitashuka lita 22, na ukijumlisha zilizo ndani ya mabomba na kisanduku, weka 28. Sampu hupanda sentimita 7, basi. Mdomo huo huo ukielekezwa sentimita 12 chini, ili mkondo ufike nyuma ya mawe, zitashuka lita 93. Sampu yetu ikiwa kazini ina nafasi ya lita 82. Lita 11 zilizobaki zitamwagika sebuleni, na ni maji ya chumvi. Wengi hutoboa kitundu kwenye bomba karibu na uso wa maji ili kivute hewa na kukata sifoni, yaani mvuto wa maji yanayojishusha yenyewe ndani ya bomba. Kitundu hicho hufanya kazi kikiwa safi, lakini konokono mmoja au mwani wa chokaa hukiziba bila mtu kujua. Valvu ya kuzuia maji kurudi nayo hushikwa na viumbe wadogo wa chokaa ikaacha kufunga. Tegemea kimo cha mdomo wa bomba, na kitundu kiwe nyongeza tu.

Tukija kwenye kuta za ndani, mpangilio tunaoupendekeza una kuta nne za kioo na vyumba vitatu. Chumba cha kwanza, chenye urefu wa sentimita 40, hupokea maji yanayoshuka, soksi za kuchujia na skima. Ukuta wake una kimo cha 23 na unagusa sakafu. Chumba cha pili, sentimita 19, ni cha mwani unaonyonya uchafu ulioyeyuka, na kinaishia kwenye ukuta wa 21. Baada ya hapo ni mtego wa viputo: ukuta wa tatu umening'inia, sentimita 3 juu ya sakafu, na kichwa chake kinafika 27 ili maji yasipite juu, kisha ukuta wa nne wa sentimita 18 unagusa sakafu. Mwisho ni chumba cha pampu, sentimita 20.

Kimo cha 23 kwenye ukuta wa kwanza hakikuchaguliwa kwa jicho. Skima nyingi za kuwekwa ndani ya sampu hutaka maji ya kina cha sentimita 15 hadi 23, kila moja na kipimo chake kwenye karatasi ya maelekezo, na hutaka kina hicho kisibadilike. Kikipanda sentimita mbili povu hulowa na kikombe hujaa maji ya chai; kikishuka, povu halifiki kikombeni. Maji yakipita juu ya ukuta wenye upana wa sentimita 45 kwa lita 2000 kwa saa, husimama kama milimita 8 juu ya ukingo wa kioo. Kwa hiyo ukuta wa 23 hutoa kina cha 23.8. Skima yako ikitaka 20, usipunguze ukuta; weka kipande cha wavu wa plastiki wa mraba, ule unaotumika kufunika taa za dari, na uisimamishe skima juu yake. Kuinua skima ni kazi ya dakika moja. Kuukata ukuta uliokwisha kugandishwa ni kazi ya siku nzima na mara nyingi huishia kwa kioo kilichopasuka.

Mtego wa viputo ndio sehemu inayokosewa zaidi, na kosa huwa ni kubana nafasi kati ya kuta. Lita 2000 kwa saa ni sentimita za ujazo 556 kila sekunde. Zikipita katika nafasi ya sentimita 2.5, maji huenda kwa kasi ya sentimita 5 kwa sekunde, kasi inayotosha kuviburuza viputo vidogo sana vinavyozalishwa na maji ya chumvi. Panua nafasi hadi sentimita 4, na kasi inashuka hadi 3. Ndiyo maana tunaacha 4 kila upande wa ukuta unaoning'inia. Kosa la pili ni kuacha maji ya chumba cha pampu yawe chini sana ya ukuta wa mwisho. Mtego umeviondoa viputo vyote, kisha maji yanaanguka sentimita 8 kama maporomoko na kutengeneza vipya. Ukuta wetu wa nne ni wa 18 na maji ya pampu husimama kwenye 17. Hakuna maporomoko hapo. Viputo vinavyoingia tangi la maonyesho si suala la sura tu. Hunasa kwenye matumbawe na sponji, na pampu inayomeza hewa hupiga kelele usiku kucha.

Hapa ndipo udhaifu wa mpangilio huu ulipo, na pia nguvu yake. Chumba cha pampu cha sentimita 20 kwa 45 hubeba lita 0.9 tu kwa kila sentimita. Vyumba vingine vimefungwa na kuta, hivyo upungufu wote unaoletwa na uvukizi huonekana hapa. Mfumo wa ukubwa huu ukipoteza lita 5 kwa siku, maji ya chumba hiki hushuka sentimita 5 na nusu. Kutoka 17 hadi 9, ambapo pampu nyingi huanza kuvuta kimbunga cha hewa, una siku moja na nusu. Kifaa kinachojaza maji chenyewe si anasa kwenye sampu hii. Ni lazima, na kihisi chake kikae chumba hiki na si kingine.

Nguvu yake ni hii: konokono akiziba bomba la kushukia, pampu haitaweza kupeleka juu zaidi ya lita 11 kabla ya kukauka. Lita 11 huko juu ni sentimita moja na nusu. Acha sentimita 3 kati ya uso wa maji na ukingo wa tangi la juu, na huna mafuriko. Anayependa chumba kikubwa cha pampu ili asijaze maji kila siku ajue anainunua nafuu hiyo kwa kinga hii.

Hata hivyo kuna mtego hapo. Bomba likiziba na chumba cha pampu kikashuka, kifaa cha kujaza kitadhani ni uvukizi na kitaendelea kuongeza maji yasiyo na chumvi, nayo pampu itayapandisha juu moja kwa moja. Kwa hiyo chombo cha akiba kisizidi lita 20. Lita 20 zikiingia zote kwa mkupuo katika mfumo wenye lita 500 za maji, chumvi hushuka kutoka 35 kwa elfu hadi 33.7, jambo ambalo matumbawe huvumilia. Lita 40 zitaifikisha 32.4, na kwa matumbawe magumu mshtuko huo ndani ya saa chache si wa kuchezea. Chagua kifaa chenye vihisi viwili na kinachojizima baada ya dakika chache za kusukuma mfululizo.

Kioo cha kuta kiwe cha milimita 6, kingo zimepigwa msasa. Pima upana wa ndani chini na juu, kwani hautalingana, kisha mwambie fundi wa vioo apunguze milimita 3 kwenye kipimo kidogo. Hiyo milimita moja na nusu kila upande ni makazi ya silikoni. Pembe mbili za chini za kila ukuta zikatwe kidogo ili zipishe silikoni ya kiwandani iliyo kwenye kona za tangi, na silikoni hiyo usiiguse kwa wembe kamwe. Ukingo wa plastiki wa juu umepunguza mdomo wa tangi, kwa hiyo kuta huingizwa kwa kulazwa pembeni kisha zikanyooshwa ndani. Jaribu zote zikiwa kavu kwanza.

Wapo wanaoshauri kuta za akriliki kwa kuwa ni rahisi kukata. Katika tangi la kioo hatuzipendekezi. Silikoni haishiki vizuri kwenye akriliki, na akriliki yenyewe hunywa maji, ikavimba na kupinda mpaka ikang'oka. Akriliki kwa akriliki huunganishwa kwa gundi ya kuyeyusha kama Weld-On 4, na hiyo ni kazi ya tangi la namna nyingine.

Silikoni isiyofaa inaweza kuua kila kitu. Inayofaa ni silikoni tupu, ile inayonuka siki inapokauka, na iliyoandikwa kuwa salama kwa matangi ya samaki. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu usiilete karibu, hata kama fundi anaapa kuwa zote ni moja. Safisha kioo kwa spiriti, weka alama za kuta kwa maskin tepu upande wa nje, kata vibao vya mbao vya sentimita 4 vya kutenganisha kuta, kisha pitisha mstari wa silikoni kila upande wa ukuta na uulainishe kwa kidole ndani ya dakika tano, kabla ngozi haijaanza kujifunga. Acha wiki nzima. Saa 24 za kwenye kopo ni za mstari mwembamba. Ndani ya kona huwa bado ni mbichi. Silikoni mbichi pia huifanya skima itoe povu kama wazimu kwa siku kadhaa, nawe ukadhani skima ni mbovu. Kuta si lazima zizuie maji kwa ukamilifu, kwa kuwa pande zote mbili zina maji. Ukuta wa skima tu ukivuja sana, kina chake kitashuka.

Upande wa mabomba, tangi la juu lililotobolewa kiwandani ni bora kwa mbali. Usijaribu kutoboa kitako cha tangi ambalo hujathibitisha aina ya kioo chake, kwani vitako vingi ni vya kioo kilichokazwa kwa moto, na drili ikigusa tu, kioo chote husambaratika. Visanduku vya kuning'iniza ukingoni vinavyotegemea sifoni vinafaa kwa muda. Hewa ikijikusanya kwenye mrija, sifoni hukatika na pampu inaendelea kujaza juu.

Tenki koneta (kiungo kinachopitisha bomba kwenye kioo cha tangi) ya inchi 1 huhitaji tundu la milimita 44 au 45. Pima iliyo mkononi mwako kabla ya kutoboa, kwa sababu hutofautiana. Mpira wake hukaa upande wenye kichwa, ambao ndio wa maji. Kaza kwa mkono, kisha ongeza robo mzunguko. Silikoni kwenye mpira haiongezi kitu ila utelezi.

Mfumo wa kushushia tunaoupa alama za juu ni ule unaoitwa Herbie: mabomba mawili, moja likifanya kazi ya sifoni likiwa limejaa maji bila hewa, na la pili likikaa kavu kwa dharura. Hauna kelele kabisa, tofauti na bomba moja la mtindo wa Durso ambalo hugugumia usipolirekebisha kitundu chake cha hewa. Kwenye bomba la sifoni weka valvu ya geti, si koki ya kugeuza robo, maana kurekebisha huku ni kwa upana wa unywele. Bomba la dharura lisiwe dogo kuliko la sifoni. Litakapohitajika litabeba maji yaliyochanganyika na hewa, na hayo hupita polepole zaidi. Mwisho wa bomba la sifoni uzame sentimita 2 au 3 tu ndani ya sampu. Ukizama 10, hewa hushindwa kusukumwa nje na sifoni haianzi yenyewe umeme ukirudi. Epuka valvu na viungo vya shaba vinavyopatikana kwenye maduka ya mabomba. Shaba huua konokono, kamba na matumbawe kwa kiasi kidogo sana.

Pampu tutaipitia haraka. Kwa tangi la lita 454, mzunguko wa mara nne kwa saa unatosha. Mikondo mikali ambayo matumbawe hutaka itoke kwenye pampu za ndani ya tangi la juu. Pampu iliyoandikwa lita 4000 kwa saa na kikomo cha mita 3 itatoa kiasi cha nusu ikiinua mita 1.5, na nusu hiyo ndiyo unayoihitaji. Funga yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguka) ili uweze kuitoa na kuiosha kwa siki.

Soksi za mikroni 200 husafisha maji vizuri mno, na hapo ndipo zinapodanganya. Zikikaa wiki nzima, uchafu ulionaswa huoza humo humo na kupandisha naitreti. Badilisha kila siku tatu au nne, na kimo cha soksi kiwe chini ya ukingo wa sampu ili ikiziba maji yapite juu yake kwenda chumbani. Kama huna nidhamu hiyo, ziache kabisa. Skima na mawe hai (yenye bakteria wa kusafisha maji) vitafanya kazi bila soksi.

Chumba cha mwani ni kidogo, lita 18 hivi, na hatutarajii makubwa kutoka kwake. Jaza Chaetomorpha, mwani wa nyuzi unaofanana na steelwire ya kusugulia masufuria, iwashie taa usiku wakati tangi la juu limelala, nayo itapunguza kushuka kwa pH kunakotokea gizani. Caulerpa, mwani mwingine, hukua haraka zaidi lakini inaweza kutoa mbegu ghafla na kuyeyuka, ikarudisha majini yote iliyonyonya. Wavu wa plastiki mbele ya ukuta wa 21 huzuia nyuzi zisifike kwenye pampu.

Hita zikae chumba cha skima, ambako maji hayashuki. Mbili za wati 200 ni salama kuliko moja ya 400, kwani moja ikigoma kuzima haina nguvu ya kuchemsha tangi. Nyaya zote ziteremke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la chumvi lisitiririke hadi ndani yake, na umeme upite kwenye kinga inayoukata unapovuja, yaani GFCI, au RCD kama inavyojulikana nje ya Marekani. Mombasa, Dar es Salaam na Ghuba shida ni kinyume: maji huchemka. Feni juu ya sampu husaidia kwa nyuzi chache lakini huongeza uvukizi, nawe umeshaona chumba cha pampu kina akiba ya siku moja na nusu. Huko pia tangi la Aqueon si rahisi kulipata, lakini fundi wa vioo anaweza kuunda sanduku la 90 kwa 45 kwa 42. Kwa kuwa halitakuwa na ukingo wa plastiki, tumia kioo cha milimita 8.

Nyota iliyokatwa, sasa. Upana wa nje wa sentimita 46 huingia raha katika kabati la tangi la galoni 120, ambalo lina kina cha 61. Kabati la galoni 75 au 90 lina kina cha 46 hivi kwa nje, na ukiondoa mbao, ndani hubaki pungufu. Tangi hili haliingii humo, na wengi hugundua wakiwa wamekwisha kugandisha kuta. Kwa kabati hizo chukua la galoni 29, ambalo upana wake ni sentimita 32, ukubali skima ndogo na usahau chumba cha mwani. Pima pia mlango wa kabati, si ndani tu, na uache sentimita 20 juu ya sampu za kutolea kikombe cha skima.

Wiki ya kukauka ikipita, jaza maji ya bomba na uache siku mbili. Jaza pia chumba kimoja kimoja kuona kama kuta zinasimama zikisukumwa upande mmoja. Kisha unganisha mfumo wote, bado kwa maji ya bomba, washa pampu mpaka kina kitulie, weka alama ya kalamu kwenye chumba cha pampu, na uchomoe umeme wote. Maji yakisimama chini ya ukingo, washa tena na uangalie kama sifoni inajianza ndani ya dakika mbili. Mara ya mwisho ziba bomba la sifoni kwa mkono na uache la dharura libebe mzigo wote. Ikivuka hapo, toa maji hayo na ulete ya RO/DI, yaani yaliyochujwa mpaka yakabaki safi kabisa, na chumvi.